Mama Aliyefundishwa na Uzima wa Watoto Wake

Maneno yaliyonenwa na katekista mbele ya waamini na walimu wa pwani, katika siku za jubilei



 Tumepewa kazi ya kusema maneno machache juu ya jambo moja, nalo ni hili: mafundisho apewayo mwanamke yahusianaje na uzima wa watoto atakaowazaa. Huenda wengine watashangaa, kwa kuwa katika sikukuu kama hii watu wamezoea kusikia habari za mapadre wa kwanza na makanisa ya kwanza. Habari hizo tutazigusa. Lakini twaona ya kuwa jubilei si kuhesabu miaka tu. Ni kuhesabu na watu pia, walio hai na waliolala makaburini, na kujiuliza ni wangapi kati ya hao waliolala ambao wangaliweza kuwa pamoja nasi leo.

Basi na tuanze makaburini. Kila mgeni afikaye misioni ya Bagamoyo huonyeshwa kanisa la zamani, na nyumba ya mapadre, na mahali ulipowekwa mwili wa Livingstone mwaka 1874 kabla haujavushwa kwenda Unguja. Wachache husimama kitambo penye makaburi ya misioni. Hapo wamelala wamisionari waliokufa wangali vijana. Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakaiweka misioni hii mwaka 1868, wakawakusanya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka uliofuata, na mwaka 1870, kipindupindu kilipita Unguja na pwani yote, kikaua watu kwa maelfu. Mwaka 1872 tufani kubwa ikabomoa majengo. Tena juu ya hayo yote ilikuwako homa, ambayo haikungoja mwaka wala majira.

Wale waliolala pale walikuwa watu wa vitabu. Wamesoma kwao Ulaya miaka mingi, wanajua Kilatini na hesabu na habari za nchi. Hata hivyo homa iliwaua, maana hawakujua itokako. Wasomi wa zama zile walidhani ya kuwa homa hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa; na jina lenyewe malaria, katika lugha ya Kiitalia, maana yake ni hewa mbaya. Hata mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross, akiwa India, alipoona vimelea vya homa hiyo ndani ya mwili wa mbu. Basi jambo ambalo padre msomi wa mwaka 1868 hakulijua, leo mtoto wa darasa la tatu alijua, na mama aliyemaliza shule ya msingi aweza kulitumia kila usiku anaposhusha chandarua.

Twasema hayo kwa sababu mbili. Kwanza, asiwepo mtu wa kumcheka bibi yake kwa sababu ya mambo asiyoyajua, maana hata wenye vyuo waliwahi kutoyajua. Pili, maarifa yakiisha kupatikana, si ya kufungiwa kabatini. Yafaa yafike mikononi mwa yule amshikaye mtoto. Naye amshikaye mtoto usiku, saa nane, mwili ukiwaka moto, mara nyingi si daktari, wala si mwalimu, wala si katekista. Ni mama.

Sote tulio wenyeji wa pwani hii, kuanzia Bunju na Mapinga, na Kaole, na Bagamoyo yenyewe, mpaka Saadani, twalijua neno degedege. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa ya kuwa ni pepo wa pwani ajaye kwa umbo la ndege, naye hupita usiku wa mbalamwezi, na kivuli chake kikimwangukia mtoto, mtoto hukakamaa, macho hugeuka, povu hutoka kinywani. Wataalamu waliokwenda kuwauliza watu wa vijiji vya wilaya ya Bagamoyo, ambao maandiko yao yalitolewa mwaka 1996, waliyasikia hayo hayo. Waliona tena ya kuwa watu wengi walitenga mambo mawili: homa ya malaria waliiona kuwa ugonjwa mwepesi wa kutibiwa zahanati, na degedege waliiona kuwa jambo jingine kabisa, la mganga wa kienyeji. Hata wako walioamini kwamba mtoto mwenye degedege akipigwa sindano atakufa. Kwa hiyo mtoto alifukizwa dawa kwanza, na zahanati ikawa mwisho, naye akifia huko, watu walisema, Mwaona? Sindano imemwua.

Sasa twajua ya kuwa kukakamaa huko mara nyingi ni ile ile homa, iliyozidi mpaka kumpata mtoto katika ubongo. Na hata ikiwa yatokana na ugonjwa mwingine, mahali pake ni hospitali, wala si kungoja. Lakini kujua sisi tulio hapa hakutoshi. Neno hili lajulikana na nani, saa ile, ndani ya nyumba ile? Hapo ndipo penye shauri lote.

Twaomba ruhusa kusema habari ya nyumba yetu wenyewe, maana si haki mwalimu kuwaonyesha watu makosa yao akalificha lake. Mwaka 2008 tulikuwa tukifanya kazi katika kijiji kimoja kilicho karibu na mto Wami. Mama wa nyumba yetu alikuwa ameachishwa shule katika darasa la nne, akawekwa ndani kuwa mwali, na tangu hapo hakushika kitabu tena. Alijua kuandika jina lake, bali kusoma mstari mzima hakuweza. Sisi tulilijua jambo hilo tangu siku ya posa. Kila Jumapili tulisimama kanisani kuwasomea watu kwa sauti kubwa, nao wakausifu usomaji wetu. Na nyumbani mwetu hatukupata hata jioni moja ya kumfundisha mwenzetu.

Mwana wetu wa pili, mvulana wa miaka 2, alishikwa na homa siku ile tuliyokuwa na safari ya kigango cha mbali. Mama alimpeleka zahanati alfajiri. Akapewa dawa mseto, vidonge 6, amnyweshe kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku 3. Muuguzi alimweleza, lakini watu walikuwa wengi mlangoni, naye mama akaitikia kwa kichwa, akiona haya kuuliza mara ya pili. Sisi tuliondoka asubuhi ile ile kabla hajarudi, mioyo yetu ikiwa na amani kwa kuwa mtoto amekwenda kutibiwa. Tuliacha nyumbani neno lile tulilozoea kuliacha kila safari: asitoke kijijini hata tutakaporudi, na likitokea jambo, awaulize wazee.

Jambo likatokea. Usiku wa siku ya tatu homa ilirudi kwa nguvu, mtoto akakakamaa. Bibi mmoja wa ukoo akasema, Hii ni degedege, asipelekwe kwenye sindano. Mama alitaka kutoka. Hakutoka, kwa kuwa alikuwa ameagizwa. Mtoto alifukizwa, akatulia, wakadhani amepata nafuu, mchana ikamrudia. Tulifika saa kumi alasiri, tukampakia juu ya baiskeli pamoja na mama yake, tukaenda mbio. Muuguzi aliuliza, Tangu lini? Tukamwambia, Tangu jana usiku. Hakusema neno, akashika kazi. Mtoto alifariki kabla ya kuingia usiku.

Siku ya tatu baada ya maziko, mama alifungua ncha ya kanga yake akatuonyesha vidonge 3. Alikuwa amempa mtoto kimoja kila asubuhi, akidhani ndicho kipimo, na vilivyosalia akavitunza kwa siku nyingine. Karatasi ya dawa ilikuwamo humo pia, imekunjwa vizuri, imeandikwa kwa Kiswahili: asubuhi na jioni. Hatukuweza kumlaumu. Kwa miaka sita mtu ajuaye kuisoma karatasi kama ile alikuwa akila naye katika sahani moja, wala hakumfundisha.

Mama ndiye aliyesema kwanza. Alisema, Baba, nifundishe. Tukawasha kandili, na karatasi ile ndiyo ikawa kitabu chake cha kwanza. Mwaka ulipotimia aliweza kusoma kadi ya kliniki kutoka juu hata chini. Nasi kwa upande wetu tuliondoa lile neno la safari. Tulimwambia mbele ya wazee ya kuwa mtoto akiugua, ruhusa imekwisha kutolewa. Asimngoje mtu yeyote, na fedha ya njia imo katika kopo chini ya kitanda.

Mwaka 2012 binti yetu mdogo alishikwa vile vile, usiku, nasi hatupo. Bibi alisema neno lile lile. Mama alimjibu kwa adabu, akachukua kopo, akamwamsha kijana wa bodaboda. Alipofika, aliweza kumwambia muuguzi saa iliyoanza homa, na mara ngapi mtoto ametapika, na ya kuwa hajapewa dawa yoyote nyumbani. Binti huyo yu hai, naye sasa yuko sekondari. Hatusemi ya kuwa Mungu alimpenda huyu kuliko kaka yake. Twasema ya kuwa mama aliyempeleka huyu alikuwa amepewa vitu viwili ambavyo mama wa yule alinyimwa, naye aliyemnyima ni sisi.

Labda mtu atasema, Hiyo ni habari ya nyumba moja. Ni kweli, na kwa sababu hiyo yafaa tusikie na habari za nyumba nyingi. Mwaka 1979 mtaalamu mmoja wa Australia, John Caldwell, aliandika juu ya uchunguzi uliofanywa Nigeria, katika nchi ya Wayoruba na mji wa Ibadan. Aliona ya kuwa hata watu wakilinganishwa kwa kazi ya mume na mahali wanapokaa, bado watoto wa mama aliyesoma walikuwa wakipona zaidi ya watoto wa mama asiyesoma. Baada yake wengine walifuata. Mwaka 2010 jarida la madaktari liitwalo The Lancet lilitoa hesabu ya nchi 175, kuanzia mwaka 1970 mpaka 2009. Katika miaka hiyo vifo vya watoto walio chini ya miaka 5 vilipungua sana. Na katika upungufu wa vifo milioni 8.2, milioni 4.2, yaani zaidi kidogo ya nusu, vilihesabiwa kuwa matunda ya wanawake kuongezewa miaka ya shule. Mwaka 2021 jarida lile lile likatoa hesabu nyingine: kila mwaka mmoja ambao mama amekaa shuleni wapunguza hatari ya kifo cha mtoto wake mdogo kwa kadiri ya 3 katika 100, na mama aliyesoma miaka 12 hatari imepungua kwa 31 katika 100. Mafundisho ya baba nayo yafaa, lakini nguvu yake ni kama nusu ya yale ya mama.

Na kwetu Tanzania je? Waliohesabu mwaka 1999 waliona ya kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Hesabu ya mwaka 2004 na 2005 ilikuwa 112. Ya mwaka 2010 ilikuwa 81. Ya mwaka 2015 na 2016 ilikuwa 67. Na ya mwaka 2022 ilikuwa 43. Hatusemi ya kuwa shule peke yake ilifanya kazi hiyo. Vyandarua vimefanya, chanjo zimefanya, dawa mseto imefanya. Lakini angalieni: chandarua kinashushwa na nani? Siku ya chanjo inakumbukwa na nani? Dawa inapimwa na nani, asubuhi na jioni? Kila kitu kizuri kinachotoka kwa daktari hupita mikononi mwa mama kabla hakijamfikia mtoto.

Basi shule humpa mama nini hasa? Sisi twaona mambo matatu.

La kwanza ni kusoma na kupima. Mathalani mtoto akiharisha, maji ya chumvi na sukari humwokoa, ila yana kipimo chake: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha, na chumvi nusu ya kijiko hicho. Chumvi ikizidi, dawa yageuka kuwa madhara. Ajuaye kuhesabu huikamata hesabu hiyo mara moja, asiyejua hukisia.

La pili ni kusema na kuuliza. Aliyekaa shuleni amezoea kusimama mbele ya mkubwa na kuulizwa na kujibu. Hamwogopi mtu mwenye koti jeupe. Akiambiwa neno asilolielewa, husema, Tafadhali nirudie. Neno hilo dogo laweza kuwa bei ya uhai wa mtu.

La tatu ndilo kubwa, nalo ni kuthubutu kukata shauri. Mama aliyefundishwa hujua dalili zisizongoja: mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, atapikaye kila kitu, aliyekakamaa, aliyelegea asiamke. Azionapo huondoka. Lakini jambo hili la tatu, ndugu zetu wanaume, shule haiwezi kulitimiza peke yake. Mama aweza kujua yote, na mlango ukafungwa kwa neno la mume. Sisi tuliufunga. Twawasihi msiufunge.

Pwani yetu hii ina ushuhuda mwingine wa siku za karibu. Mwezi wa Mei 2009, hapa Bagamoyo, wataalamu wa Taasisi ya Afya Ifakara walianza jaribio kubwa la chanjo ya malaria, pamoja na vituo vingine kumi katika nchi saba za Afrika, Korogwe kikiwa kimojawapo. Watoto zaidi ya 15,000 waliingizwa katika jaribio hilo. Kabla ya mtoto kuingizwa, ilipasa mzazi aelezwe kwa Kiswahili nini kitafanywa, na faida yake, na hatari yake, kisha atie sahihi. Naye asiyejua kusoma alitia dole gumba mbele ya shahidi. Chanjo yenyewe ilikuwa na dozi nne, kwa hiyo mama alipaswa kurudi na kurudi tena. Mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliikubali chanjo hiyo itolewe kwa watoto wa Afrika, na Oktoba 2023 likakubali ya pili, ambayo nayo ilijaribiwa hapa pamoja na mahali pengine. Watu husifu wataalamu, nao wastahili sifa. Lakini bila akina mama wa vijiji hivi, waliosikiliza na kuuliza na kurudi siku waliyoambiwa, wataalamu wangekuwa na chupa za dawa tu.

Wala tusidhani ya kuwa mama aliyekwisha kuwa mtu mzima amepitwa na wakati. Wazee mliopo mwakumbuka. Nchi yetu ilipopata uhuru watu wazima wengi hawakujua kusoma. Hesabu ya mwaka 1967 yaonyesha ya kuwa katika kila watatu, kadiri ya wawili hawakujua. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 yakaja mafundisho ya redio yaliyoitwa Mtu ni Afya: watu walikaa vikundi vikundi chini ya miembe, wakasikiliza, wakasoma vijitabu, wakajadiliana juu ya malaria na kuhara damu na safura na kichocho, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Watu kama milioni 2 walishiriki. Kufikia mwaka 1986 hesabu ya serikali ilisema ya kuwa wasiojua kusoma wamebaki chini ya mmoja katika kumi. Mambo hayo yalifanywa na watu maskini, kwa taa za mafuta. Yaliyowezekana kwa bibi zetu yawezekanaje kutushinda sisi?

Sasa neno juu ya mabinti. Desturi ya kumweka mwali ndani ni ya wazee wetu, Wazaramo na Wakwere na wengine wa pwani, na hatukusimama hapa kuitukana. Angalieni hekima iliyomo: wazee hawakukubali msichana awe mama kabla hajafundishwa. Walimpa kungwi, wakampa siku, wakampa mafundisho. Kosa halikuwa katika kufundisha. Kosa ni kumtoa katika mafundisho moja kwa ajili ya mengine, akapoteza yale asiyoweza kuyapata tena. Wapo siku hizi wanaomfundisha mwali wakati wa likizo, kisha akarudi darasani. Hao twawasifu. Lakini yupo pia baba ambaye binti akitoka ndani, barua ya posa iko tayari, na daftari za shule zatumika kuwashia moto.

Yafaa wazazi wajue nchi imefika wapi. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2001, na tangu mwaka 2016 ada imeondolewa hata kidato cha nne katika shule za serikali. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilihukumu ya kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 havipatani na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Tena Novemba 2021 serikali ilitangaza ya kuwa msichana aliyeacha shule kwa sababu ya kuzaa aweza kurudi darasani. Basi msichana aliyeanguka asitupwe. Mtoto aliyemzaa ahitaji mama ajuaye kusoma kama mtoto mwingine yeyote, na pengine zaidi.

Lakini twaona pia yapasa kusema kweli yote. Shule si hirizi. Mama aliyesoma, zahanati ikiwa mbali na mvua imekata njia, aweza kumpoteza mtoto. Mama aliyesoma asiye na chakula hawezi kumlisha mtoto herufi. Tena wapo akina mama wasiojua hata irabu moja waliolea watoto kumi wote wakapona, kwa usafi, na bidii, na akili waliyopewa na Mungu. Hao ni walimu wetu. Tusemalo ni kwamba mzigo wa mama ni mzito, na tumpe kila kitu cha kumsaidia kuubeba. Na katika vitu hivyo, mafundisho ni kimoja ambacho hakiibiwi, hakiliwi na mchwa, wala hakiishi mwezi wa njaa.

Twamaliza kwa maombi manne.

Kwenu wazazi: kila binti akae shuleni mpaka mwisho wa masomo yake. Mwali afundishwe, lakini asifichwe na kitabu.

Kwenu akina baba: toeni ruhusa kabla ya ugonjwa kuja, muitoe mbele ya wazee, na muiwekee fedha kidogo mahali ambapo mama apajua.

Kwenu walimu: msifundishe kusoma kwa kitabu cha shule peke yake. Leteni darasani kadi ya kliniki, na karatasi ya dawa, na mfuko wa chumvi za kuharisha. Mwambieni mtoto akaisome nyumbani kwa sauti, mama yake na bibi yake wasikie. Na bibi huyo aheshimiwe, maana neno lake ndilo lisikiwalo usiku. Akipata kujua, atakuwa wa kwanza kusema, Mpelekeni.

Kwetu sisi makatekista: katika kila kigango liwepo darasa la jioni la akina mama, wa dini zote, bila sharti lolote la dini. Tusihesabu ubatizo na ndoa tu. Tuhesabu pia katika daftari zetu watoto waliozikwa, na kila mwaka tuisome hesabu hiyo mbele ya watu, tuone kama yapungua.

Katika kigango chetu darasa hilo huwa Jumanne na Alhamisi, saa kumi, watu wakitoka shamba. Mwalimu wa herufi si sisi. Ni mama wa nyumba yetu. Siku ya kwanza huwapa wanafunzi wake karatasi ya dawa iliyochakaa kwa kukunjwa, akawaambia waanze na neno moja, nalo ni jioni. Hawaelezi kwa nini. Baada ya mwezi, mtu akiisha kuweza kuisoma yote, humweleza.

Mungu awabariki, awalinde watoto wenu, awape mama zao maarifa, na baba zao moyo wa kuwapa nafasi.